Wafungwa waliohepa kambi ya Nanyuki kupanda mlima, na kwa nini walirudi

Wacha nianze na aibu yangu, historia itafuata.

Desemba iliyopita, saa tisa usiku, mimi na binamu yangu tulikuwa tumekwama kwenye changarawe juu ya Kambi ya Shipton, Mlima Kenya. Baridi ilikuwa ile ya kukufanya usahau vidole ni vyako. Mwongozaji wetu, mzee wa miaka hamsini na kitu, alimmulika binamu usoni na kurunzi akamwuliza, "Kijana, kichwa kinauma?"

"Hapana, mzee. Niko sawa."

Hakuwa sawa. Kichwa kilikuwa kimemuuma tangu jioni na alikuwa ametapika nyuma ya kibanda. Nilijua, na mimi ndiye nilimwambia anyamaze. Nilikuwa nimewaahidi video ya jua likichomoza Lenana, na nilikuwa nimelipia siku chache kuliko tulizoshauriwa ili kuokoa pesa. Akisema ukweli, kontenti imeisha.

Mzee hakubishana. Alimwambia atembee hatua kumi, kisigino kikigusa kidole, kama mtu anayepita juu ya kamba. Hatua ya tatu binamu akayumba kama mlevi wa saa sita usiku. "Tunashuka," mzee akasema. Nilijaribu kuleta maneno, ati tumebakisha kidogo tu. Akaniangalia. "Mlima hauhami. Tunashuka."

Tulipofika Old Moses mchana, jamaa alikuwa anaitisha chapati. Mimi nilikuwa nimenuna. Kilichoniondolea hiyo kiburi ni stori ya zamani ambayo nilianza kuisoma tukiwa Nanyuki tukingoja matatu ya kurudi Nairobi. Naona kila mtu anayefunga begi kwenda huko juu angefaa kuijua.

Rudi nyuma hadi Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1941 Waingereza waliwatoa Waitaliano Ethiopia, na maelfu ya wafungwa wakaletwa Kenya. Mmoja wao aliitwa Felice Benuzzi, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Italia na mtu aliyezoea kupanda milima kwao. Akawekwa Kambi namba 354, hapo hapo Nanyuki. Kilichomsumbua zaidi pale kambini ni kukaa bure. Kila siku inafanana na jana, na hakuna anayejua vita vitaisha lini. Halafu asubuhi moja mawingu yakafunguka, akaona Mlima Kenya.

Akaamua atahepa, apande, kisha arudi kambini mwenyewe. Ndio, umesoma vizuri. Kutorokea nchi isiyo vitani ilikuwa karibu haiwezekani kutoka Nanyuki. Yeye alitaka tu kuwa na kitu cha kufanya.

Akapata wenzake wawili: Giovanni Balletto, ambaye alikuwa daktari, na Vincenzo Barsotti, wenzake wakimwita Enzo, ambaye hakuwa mpandaji kabisa. Walijiandaa kwa miezi. Nyundo ziligeuzwa kuwa shoka za barafu. Vyuma vya takataka vikawa meno ya kufunga chini ya viatu. Kamba zilitoka kwenye mkonge wa vitanda vyao. Chakula waliweka kidogo kidogo kutoka kwa posho yao. Ramani hawakuwa nayo, na mojawapo ya picha za mlima walizotumia kupanga njia ilikuwa ile iliyochorwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Wewe na mimi tuko na setilaiti kwenye simu na bado tunapotea Karura.

Tarehe 24 Januari 1943 wakatoka, wakitumia ufunguo wa kuiga waliotengeneza wenyewe. Mwanzoni walitembea usiku wasionekane karibu na mashamba, halafu wakafuata Mto Nanyuki kwenda juu, ndani ya msitu. Hapo ndipo mambo yalianza kuwa noma. Hawakuwa na bunduki, na ule ni msitu wa tembo, nyati na chui. Tembo walikutana naye kweli. Hakuna ujanja wa sinema hapo: unasimama, unampa njia, unangoja aende zake. Mpaka leo ushauri ni huo huo. Kwenye mianzi huoni mbele, kwa hivyo ongea kwa sauti ya kawaida ili mnyama ajue unakuja, na ukiona kinyesi kibichi usikae hapo kupiga picha. Huko juu kwenye mawe mwizi wako ni pimbi. Huyo hakuui, lakini begi ukiliacha wazi atakula kiamsha kinywa chako ukimwangalia.

Enzo akashikwa na homa njiani. Sasa hapa ndipo nilisoma polepole. Hawakumwambia ajikaze, na hawakumficha mtu. Tangu mwanzo mpango ulikuwa yeye abaki kambi ya juu, na akabaki. Benuzzi na Balletto wakajaribu Batian, kilele kikuu, mita 5,199. Batian si matembezi, ni ukuta wa mwamba unaohitaji kamba. Walichagua upande mgumu, theluji ikawapiga, chakula kilikuwa kinaisha. Wakageuka.

Fikiria hiyo. Miezi ya kuiba misumari, kuhepa waya, kulala kwenye baridi, tembo, halafu unageuka. Na hakuna mtu angejua kama wangesema tu walifika.

Walipumzika, na tarehe 6 Februari wakapanda Lenana, mita 4,985, wakasimamisha bendera ya Italia waliyokuja nayo, wakaacha chupa yenye majina yao. Kisha wakateremka wakiwa na njaa kali, wakaingia kambini kisiri, wakajisalimisha. Adhabu ilikuwa siku 28 za kufungiwa. Mkuu wa kambi, aliyependezwa na bidii yao ya kimichezo, aliwaachilia baada ya siku 7. Mwaka 1947 Benuzzi alichapisha kitabu, Fuga sul Kenya, na kichwani hakuficha kitu: kushindwa Batian kumo ndani.

Kabla hatujawapigia makofi sana, kuna jambo moja. Mwaka huo huo wa 1943, mwanamume Mwafrika aliyetembea kwenye mashamba hayo ya walowezi alilazimika kuwa na kipande, na akikosa alikamatwa. Yeye hakuna mkuu wa kambi angemsamehe kwa ajili ya michezo. Vilele vyenyewe vina majina ya malaiboni wa Kimaasai, Mbatian, Nelieng na Olonana, lakini aliyeyaweka hapo ni Mwingereza Mackinder alipofika Batian mwaka 1899, akiwa na msafara mkubwa wa wapagazi ambao hatuwakumbuki kwa majina. Lenana hiyo hiyo, miaka 20 baada ya bendera ya Italia, ndipo Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya uhuru ulipofika, Desemba 1963.

Nasema hivyo kwa sababu kosa la safarini huwa na mtu wa kulilipa, na mara nyingi si yule aliyelifanya. Wale Waitaliano watatu, hata uwaone vipi, walibeba mizigo yao wenyewe. Mimi nilikuwa na mpagazi aliyebeba jiko langu na mzee aliyebeba jukumu la uhai wetu. Binamu yangu angekufa pale juu, mimi ningeandika ujumbe wa huzuni na mngenitumia mioyo. Mzee angeitwa kuandika taarifa, na pengine kazi ingeishia hapo. Nilikuwa nimemdanganya mtu ambaye ndiye angelaumiwa. Hiyo ndiyo aibu niliyotaja mwanzo, na ni kubwa kuliko ya kukosa kilele.

Kwa hivyo, wasee, haya ndiyo nimeyachukua. Ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 hivi kati ya mahali unapolala leo na kesho, na weka siku ya kupumzika kila baada ya siku tatu au nne. Sisi tuliruka kutoka Old Moses, mita 3,300, hadi Shipton, mita 4,200, kwa siku moja. Watu wengi hufanya hivyo, na wengi huumwa. Kichwa kikiuma na tumbo likikataa chakula, simama hapo, usipande. Mtu akianza kuyumba, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, anashuka saa hiyo, hata kama ni usiku, na hashuki peke yake. Dawa ya kichwa hupunguza maumivu tu, haiondoi shida. Nguo za pamba acha nyumbani, kwa sababu zikilowa zinakunyonya joto, na mvua ya mchana huko haikosi. Na bajeti ikiwa ndogo, ngoja upate ya siku moja zaidi. Usikate siku, kata kitu kingine.

La mwisho halihitaji pesa. Ukiulizwa unajisikiaje, jibu ukweli. Mzee hana kipimo cha kuingia kichwani mwako. Ana lile swali tu, na jibu lako.

Wiki jana nilimpigia simu nikamwambia yote, kutapika na kila kitu. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Nilijua," akasema. "Ndio maana nilimwambia atembee."

Tunaweka akiba tena, mimi na binamu. Safari hii ni siku tano. Tukifika, mtaona picha. Tukigeuka, nitawaambia tuligeukia wapi.