Viraka vya Kununuliwa

Mwaka 1979, mjini Houston katika jimbo la Texas, Karey Bresenhan, mwenye duka la vifaa vya ushonaji, alianzisha maonyesho ya biashara ya vitambaa vya mifarishi. Mfarishi wanaoujua Wamarekani ni tandiko la tabaka tatu: juu vipande vya vitambaa vilivyoungwa kwa mpango, katikati pamba ya kutia joto, chini bitana, kisha tabaka zote hupitishiwa mshono ili zishikane. Maonyesho hayo, yaliyokuja kujulikana kama International Quilt Market, hayakuwa ya kila mshonaji. Yalikuwa ya wenye maduka, wenye viwanda, wabunifu wa michoro na wachapishaji wa vitabu vya ushonaji. Mwenye duka la mji mdogo hupita banda hadi banda, akapapasa kitambaa kujua uzito wake, akalinganisha wekundu wa kampuni hii na wa kampuni ile, kisha akaagiza majora yatakayomfikia miezi kadhaa baadaye. Akikosea kuchagua, majora yatalala rafuni na fedha yake imelala nayo. Siku moja kabla ya mabanda kufunguliwa, kampuni hufanya vipindi vifupi mfululizo kuwaeleza wenye maduka vitambaa vipya vinafaa kushonewa nini.

Wapo wanaoona kwamba mambo haya hayana uhusiano na mfarishi wa kweli. Kwa maelezo yao, mfarishi ulizaliwa na uhitaji: mke wa mkulima katika makoloni ya kale ya Amerika, baridi imebisha hodi, hana fedha, anakusanya mabaki ya nguo zilizochakaa na kuyaunga usiku ili watoto wapate cha kujifunika. Kununua wari kumi za kitambaa kipya ili ukikate vipande na kukiunga upya kunaonekana kwao ni kuigiza umaskini usiokuwapo. Hadithi hii inapendeza, na aliyeitunga aliwatakia mema akina bibi zake. Lakini ushahidi hauikubali. Historia ya mfarishi, tangu pale inapoanza kuonekana vizuri, ni historia ya kuchagua vitambaa sokoni, na maonyesho ya Houston ni sura ya wazi ya jambo lililokuwapo tangu mwanzo.

Tuanze na India, maana mambo yalianzia huko. Katika karne ya 17 meli za kampuni za Uingereza, Uholanzi na Ufaransa zilileta Ulaya vitambaa vya pamba vilivyotiwa maua kwa mkono na kwa mihuri ya mbao na mafundi wa Gujarat na wa pwani ya Coromandel. Ulaya haikuwa na kitu kama hicho. Rangi zake hazikuchuja kwa maji, na kitambaa chenyewe kilikuwa chepesi. Wafumaji wa sufu na hariri walipiga kelele, serikali zikawasikiliza. Ufaransa ilipiga marufuku vitambaa hivyo mwaka 1686 na haikulegeza hadi 1759. Uingereza ilizuia uingizaji wake kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1701, kisha kwa sheria ya 1721 ikakataza hata kuvivaa na kuvitumia nyumbani. Katikati ya marufuku hizo mbili za Uingereza ndipo penye mfarishi wa viraka ulio miongoni mwa mikongwe kabisa inayojulikana nchini humo: seti ya matandiko ya Levens Hall, kaskazini mwa nchi, inayokadiriwa kushonwa karibu mwaka 1708. Viraka vyake ni vya maua ya India. Nyumba yenyewe ni jumba la mabwana. Tuna hapa bidhaa iliyopanda thamani kwa sababu ya sheria, ikakatwa kwa uangalifu ili kila ua lionekane na kipande kisipotee. Kubana matumizi kulikuwapo, sikatai, lakini kulikuwa kwa mtu anayebana kitu cha thamani alichonacho.

Kuvuka bahari kwenda Amerika hakubadili hali hiyo. Sally Garoutte, aliyeasisi chama cha watafiti wa mifarishi nchini Marekani mwaka 1980, alizipekua orodha za mirathi za enzi ya ukoloni, zile zilizoandikwa na wakadiriaji waliopita chumba kwa chumba baada ya mtu kufa. Alichokuta kinaivunja ile hadithi ya mke wa mkulima: mifarishi ni michache mno, na ilipotajwa iliandikiwa bei ya juu, ikiwa mali ya wenye uwezo. Watu wa kawaida walijifunika blanketi na mashuka mazito ya sufu. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Kabla ya viwanda, kitambaa kilikuwa ghali na kilivaliwa hadi kikaisha. Maskini hakuwa na mabaki ya kukusanya. Ili uwe na viraka vingi vya rangi mbalimbali, ni lazima kwanza pawe na vitambaa vingi vya rangi mbalimbali.

Wingi huo ulikuja katika karne ya 19, na hapa haifai kupita haraka, kwa sababu gharama yake haikulipwa na washonaji. Mashine ya kuchambulia pamba ya Eli Whitney ilitoka mwaka 1793. Kiwanda cha Francis Cabot Lowell cha kusokota na kufuma chini ya paa moja kilianza Waltham, Massachusetts, mwaka 1814, na katika miaka ya 1820 mji wa Lowell ulikuwa tayari unachapa vitambaa vya maua kwa ajili ya soko la nchi nzima. Bei ikaanguka. Wakati huohuo idadi ya watumwa Marekani ilipanda kutoka takriban laki saba mwaka 1790 hadi karibu milioni nne mwaka 1860, na wengi wao waliwekwa kwenye mashamba ya pamba. Mifarishi maridadi ya Baltimore ya miaka ya 1840 na 1850, yenye mashada ya maua, ndege na vikapu vilivyokatwa katika wekundu na kijani kibichi, ilishonwa kwa vitambaa vilivyonunuliwa kwa kazi hiyo. Pamba yake ilichumwa na mikono ambayo hakuna mfarishi unaoitaja.

Aina ya kitambaa iliyofaa kwa bitana na kwa uwanja mweupe wa mifarishi mingi ilikuwa ile pamba isiyotiwa rangi ambayo sisi tumeiita merikani tangu babu zetu. Meli za Salem ziliileta Zanzibar, biashara ikaimarika baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilipoyumbisha pamba ya huko na kuwapa nafasi wauzaji wengine. Tena biashara ile ya pwani inatoa funzo linalohusu hoja hii moja kwa moja. Richard Burton, aliyesafiri bara kati ya 1857 na 1859, aliandika kwa kirefu aina za vitambaa vilivyohitajika kila upande, kwa sababu msafara uliobeba kitambaa kisichopendwa ulikuwa umebeba mzigo usio na thamani. Mnunuzi wa ndani kabisa mwa bara, ambaye mwenye kiwanda wa Massachusetts hakumjua hata kwa jina la kabila lake, alikuwa na chaguo lake na alilishikilia. Uhaba wa fedha haumwondolei mtu jicho.

Pingamizi kubwa linatoka kwa maskini wa kweli, na halina budi kujibiwa kwa heshima. Vipi kuhusu magunia ya unga na ya chakula cha kuku? Katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, familia nyingi za mashambani Marekani zilishona nguo na mifarishi kwa vitambaa vya magunia. Ni kweli. Ila tuyaangalie magunia yenyewe. Kampuni ziligundua kwamba wanawake wanayafumua na kuyatumia, zikaanza kuyachapa maua, mistari na vidoti, zikaajiri wabunifu, zikashindana kwa michoro. Gunia moja lilitoa zaidi kidogo ya wari moja, kwa hiyo gauni la mtu mzima lilihitaji magunia matatu hivi ya mchoro uleule, na mume aliyetumwa dukani alilazimika kupekua lundo la chakula cha kuku kutafuta lile linalofanana na kipande alichopewa. Muuza unga alijikuta muuza vitambaa. Hata mahali fedha ilipokuwa adimu kabisa, mwanamke aliyeshona alikuwa anachagua, na viwanda vilikuwa vinamfuata yeye.

Wanawake wa Gee's Bend, katika wilaya ya Wilcox, Alabama, ndio wanaotajwa zaidi kuliko wote, na wanastahili. Ni kizazi cha watumwa wa shamba la pamba lililokuwa hapo hapo, na mifarishi yao mingi imeungwa kwa suruali za kazi zilizopauka magotini. Hapa hoja yangu inabanwa, nami nakiri kwamba mfarishi unaweza kutoka kwenye nguo kuukuu. Nisichokubali ni kwamba uzuri wake unatokana na ukuukuu huo. Mwaka 1966, wakati wa harakati za haki ya kupiga kura, wanawake wa eneo hilo walianzisha ushirika wa Freedom Quilting Bee na kuuza kazi zao hadi New York. Mwaka 1972 ushirika ulipata kandarasi ya kampuni ya Sears kushona foronya za kodirai, kitambaa kile chenye mistari ya manyoya. Mabaki yake yakaingia majumbani, na ghafla mifarishi ya kijijini ikajaa rangi ya dhahabu, kijani cha parachichi na rangi ya chenza, rangi za mtindo wa mjini za miaka ile. Kitambaa kipya kilipofika, washonaji walikipokea mara moja na kukifanyia mambo ambayo Sears haikuyawaza. Kazi hizo zilionyeshwa mwaka 2002 katika jumba la sanaa la Houston, mji uleule wa maonyesho ya biashara, kisha zikaenda jumba la sanaa la Whitney mjini New York.

Wala uhusiano wa maonyesho na mfarishi haukuanza 1979. Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, aliupeleka mfarishi wake wa visa vya Biblia kwenye maonyesho ya pamba ya Athens mwaka 1886. Mwalimu wa sanaa aliuona akataka kuununua, Powers akakataa. Miaka mitano baadaye dhiki ilimlazimisha kuuza. Alitaka dola kumi, akapewa tano. Leo mfarishi huo uko katika makumbusho ya Smithsonian. Mwaka 1933 Sears ilifanya shindano la taifa katika maonyesho makubwa ya Chicago, na zaidi ya mifarishi 24,000 ikaingia. Mshindi, Margaret Rogers Caden wa Kentucky, baadaye ilijulikana kwamba hakuushona mfarishi ule yeye mwenyewe, bali ulishonwa na wanawake aliowalipa. Nayataja haya mawili pamoja kwa makusudi. Hadithi ya bibi mwenye kusaka mabaki inamficha Powers aliyejua thamani ya kazi yake na akadai bei. Inawaficha pia mafundi wa Kentucky waliokuwa kazini kwa ujira. Nadhani ndiyo maana ilipendwa sana mwanzoni mwa karne ya 20, zilipotoka kazi kama kitabu cha Marie Webster cha 1915 na cha Ruth Finley cha 1929, wakati Wamarekani wengi walipotamani kuikumbuka enzi ya ukoloni kama enzi ya nyumba safi zisizoguswa na biashara. Webster mwenyewe, kwa taarifa, aliuza michoro na vifurushi vya vitambaa kwa washonaji.

Houston basi ilijibu haja gani? Kufikia miaka ya 1970 pamba tupu yenye maua ilikuwa imekuwa shida kupatikana madukani, maana poliesta ilikuwa imetawala. Wakati huohuo hamu ya mifarishi ilifufuka: mwaka 1971 wakusanyaji wa mifarishi Jonathan Holstein na Gail van der Hoof waliitundika ukutani Whitney kama michoro ya sanaa, na mwaka 1976 taifa likaadhimisha miaka 200 ya uhuru. Jinny Beyer, mmoja wa washonaji mashuhuri wa kipindi hicho, alijifunza kushona mifarishi alipokuwa akiishi India, akitumia pamba zilizochapwa huko. Mwaka 1978 alishinda shindano la taifa la jarida la Good Housekeeping, na mapema miaka ya 1980 akaanza kubuni vitambaa kwa ajili ya kiwanda. Wanawake walitaka kitambaa ambacho viwanda vilikuwa vimeacha kuwafikiria, na maonyesho ya biashara yakawa mahali pa kuvilazimisha viwanda vifikiri tena.

Linabaki pingamizi moja lenye uzito kuliko hilo la usafi wa zamani. Vitambaa vinapotoka kwa mafungu yaliyokwisha kupatanishwa rangi na mbunifu mmoja, na vingine vikiuzwa vimekatwa tayari kwa upana wa inchi mbili na nusu, si kuchagua kwenyewe ndiko kunakouzwa? Hofu hiyo ni ya haki, na mifarishi mingi ya leo inafanana kwa sababu hiyo. Lakini dawa yake haipatikani kwa kurudi kwenye zama za bibi asiyenunua, maana hazikuwapo. Inapatikana kwa mwenye duka anayethubutu kuvunja fungu, akachukua jora moja la kampuni hii na mawili ya ile, na kwa mshonaji anayempelekea kipande alichonacho na kudai rangi isiyokuwa kwenye katalogi. Na kama kuna jina la kuongezwa kwenye mabanda yale, pale kampuni zinapochapa jina la mbunifu kwenye ukingo wa kitambaa, liwe la kiwanda cha Korea, Japani au Indonesia kilichokichapa, pamoja na la nchi ilikochumwa pamba yake.