Krismasi Ugenini: Kutoka Sao Hill hadi Elverum

Ndugu zangu mliosoma shuleni petu, na ninyi wadogo zetu mnaokalia leo madawati tuliyoyaacha, Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike habari za historia, hasa namna Nyanda zetu za Juu Kusini zilivyopata kujuana na nchi ya mbali ya Norwei, ambako nilikwenda kusoma. Nimeona nisiandike habari za mikataba peke yake, kwani mikataba haisikii njaa wala baridi. Nitaandika pia habari za sikukuu ya Krismasi, na za deni ambalo sijamaliza kulilipa.

Naanzia hapa hapa shuleni. Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha tatu. Shule ilipofungwa mwezi Desemba, sisi wa Mufindi, Njombe na Iringa tulibeba masanduku yetu ya bati hadi stendi ya Mbeya, tukapanda basi kwa nyimbo na vifijo. Mwenzetu mmoja wa bweni letu, mwenyeji wa Kigoma, hakuondoka. Nauli ya kwao haikupatikana, na safari yenyewe ilikuwa ya siku nyingi. Alitusaidia kubeba masanduku hadi getini, akatuaga, akarudi ndani. Nyumbani kwetu Mafinga nafasi ilikuwapo, na chakula kilikuwapo. Wazo la kumwambia, "Twende wote," halikunijia hata kidogo. Naomba mlikumbuke jambo hilo, maana nitalirudia.

WAGENI KUTOKA KASKAZINI

Krismasi kwetu haikuletwa na Wanorwei. Wamisionari wa Kimoraviani na wa Misheni ya Berlin, ambao walikuwa Wajerumani, walifika upande wa Rungwe na Unyakyusa mwaka 1891, na kutoka huko dini ikaenea hadi Ubena na Uhehe. Wanorwei walikuja baadaye, na walikuja kwa mlango mwingine, yaani mlango wa kazi.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, nchi nne za kaskazini mwa Ulaya, ambazo ni Denmark, Finland, Norwei na Sweden, ziliunganisha nguvu zao kuisaidia Tanganyika. Tunda la kwanza lilikuwa kituo cha elimu cha Kibaha, kilichofunguliwa mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970. Katika miaka ya 1970 nchi hizo hizo zilisaidia kukijenga na kukikuza kituo cha kilimo cha Uyole, hapo hapo nje kidogo ya mji wa Mbeya. Mwaka 1973 masomo ya shahada ya misitu yalianza Morogoro kwa msaada wa Norwei, katika chuo ambacho tangu mwaka 1984 kinaitwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Na kule kwetu Mufindi, katikati ya miaka hiyo ya 1970, Norwei ilisaidia kujenga kiwanda cha mbao cha Sao Hill, kando ya msitu ambao leo ni mkubwa kuliko misitu yote ya kupandwa ya Serikali. Misonobari yenyewe asili yake ni Mexico, mashine zilitoka kwa Wanorwei, na mikono ilikuwa ya Wahehe, Wabena na Wakinga.

Mikono miwili kati ya hiyo ilikuwa ya marehemu baba yangu. Alikuwa mpakiaji wa magogo. Alipenda kutusimulia jinsi fundi mmoja wa Kinorwei alivyomwomba, mwezi Desemba, amtafutie msonobari mchanga wenye umbo zuri. Baba akaubeba hadi nyumbani kwa fundi, nao ukasimamishwa sebuleni, ukapambwa kwa mishumaa. Vibarua walicheka sana: mtu anakata miti mwaka mzima, halafu siku ya sikukuu anaukaribisha mmoja nyumbani kwake! Lakini katika hadithi hiyo kulikuwa na neno ambalo baba alilipitia upesi upesi. Aliufikisha mti mlangoni, akapokea shukrani, akaondoka. Hakuingia ndani. Wala yule fundi hakupata hata siku moja kuketi kwenye mkeka wetu. Haikuwa chuki. Kila upande ulidhani mwenzake hangependa.

KRISMASI MBILI

Mwaka 1994 Norwei ilianzisha mpango wa kuwasomesha katika vyuo vyake vikuu wanafunzi kutoka nchi zinazoendelea, kwa masharti kwamba wakimaliza warudi makwao. Kwa mpango huo, baada ya shahada yangu ya kwanza Morogoro, nilikwenda mwaka 2008 kusomea misitu katika mji mdogo wa Ås, umbali wa kilomita kama 30 kusini ya Oslo. Chuo hicho kilianza mwaka 1859 kama shule ya kilimo, nacho kilikuwa na urafiki wa miaka mingi na chuo chetu cha Morogoro.

Krismasi ya kwanza niliikuta sina habari. Siku chache kabla ya tarehe 24 Desemba wenzangu wa bwenini walianza kuondoka mmoja mmoja na mabegi yao. Nami, kwa adabu niliyofunzwa, nikawasaidia kubeba hadi kituo cha treni. Kwa Wanorwei sikukuu yenyewe ni jioni ya tarehe 24. Jioni hiyo maduka yalikuwa yamefungwa, barabarani hapapiti mtu, na jua lilikuwa limezama kabla ya saa tisa u nusu mchana. Nilipika wali kwa maharage, nikala peke yangu. Simlaumu mtu, maana sikumwambia yeyote kwamba sina pa kwenda. Ndipo nilipomkumbuka yule mwenzetu wa Kigoma. Miaka kumi na miwili ilikuwa imepita, na kwa mara ya kwanza niliiona ile Desemba ya 1996 kwa macho yake.

Mwaka uliofuata, 2009, mwanafunzi mwenzangu ambaye tulikuwa tukipima miti pamoja aliniuliza bila kuzunguka, "Krismasi unakwenda wapi?" Nikamjibu kwamba sina pa kwenda. Akasema, "Basi unakuja kwetu." Tulipanda treni kwenda Oslo, tukapita Hamar, tukafika kwao Elverum, mji ulio katikati ya misitu ambayo mtu wa Mufindi akiiona moyo wake hutulia.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Elverum hawakungoja siku ya tatu. Asubuhi ya tarehe 23 baba mwenye nyumba alinipa koleo, tukazoa theluji njiani na mlangoni mpaka jasho likanitoka katika baridi ile kali. Nilifurahi kuliko angeniambia niketi kitini kama mgeni wa heshima. Wanorwei huitana kwa majina yao ya kwanza, hata kijana kwa mzee. Mimi ulimi wangu ulikataa kumwita mama mzee wa nyumba ile kwa jina lake tu. Nikamwita "bibi" kwa Kiswahili, nikamweleza maana yake, naye akalipokea jina hilo mpaka siku niliyoondoka.

Nilijifunza mengi katika siku zile. Nje ya nyumba walitundika mganda wa shayiri kwa ajili ya ndege. Zamani, walinieleza, bakuli la uji liliachwa ghalani kwa ajili ya mzimu mlinzi wa shamba, ili asikasirike. Sikukuu yenyewe, ambayo wao huiita "jul", ni ya kale kuliko Ukristo wao. Masimulizi yao ya kale husema kwamba Mfalme Håkon, katika karne ya 10, ndiye aliyeagiza sherehe za kienyeji za katikati ya baridi zifanyike wakati mmoja na Krismasi. Baadaye sheria ya zamani ya magharibi mwa nchi iliwaamuru wakulima kupika pombe ya sikukuu hiyo, na aliyekataa alitozwa faini! Niliwaambia kwamba kwetu Iringa mvua za Desemba huja na ulanzi wake, wala haijapata kuhitajika sheria ya kumlazimisha mtu.

Mchana wa tarehe 24 tulikwenda kanisani, kisha makaburini. Hilo ndilo lililonigusa zaidi. Kila familia ilifukua theluji juu ya kaburi la mtu wao, ikawasha mshumaa. Kiza kilipoingia, makaburi yote yaling'aa. Sisi ambao wazee wetu walifanya matambiko makaburini tuliambiwa kwamba kuwakumbuka wafu ni ushamba. Nilisimama pale nikawaza mengi. Jioni kengele za kanisa zilipolia saa kumi na moja, tukala mbavu za nguruwe na kabichi, halafu tukashikana mikono, tukauzunguka ule mti sebuleni tukiimba. Wimbo mmoja niliufahamu tangu utotoni. Wao waliimba Kinorwei, nami nikaimba Kiswahili, na tuni ikatutosha wote. Nilimfikiria baba yangu, ambaye aliishia mlangoni.

HADITHI YA BIBI

Lakini nimeruka chakula cha mchana. Siku ile huliwa uji mzito wa wali na maziwa, na ndani yake hufichwa lozi moja. Anayeikuta hupewa zawadi, aghalabu nguruwe mdogo aliyetengenezwa kwa unga wa lozi na sukari. Lozi ilitokea katika bakuli langu. Watoto walipiga makofi. Bibi alinitazama tu, akaendelea kula.

Usiku, mjukuu wake akitafsiri kwa Kiingereza, alinisimulia. Mwezi Aprili mwaka 1940 Wajerumani waliivamia Norwei. Mfalme Haakon wa Saba na Serikali yake walikimbilia Elverum, na tarehe 10 Aprili mfalme akalikataa dai la mjumbe wa Wajerumani la kuunda serikali waliyoitaka wao. Kesho yake ndege za Wajerumani zikaupiga mji kwa mabomu, na sehemu kubwa ya mji ikateketea. Bibi alikuwa na umri wa miaka minane. Nyumba yao iliungua. Familia ya mkulima mmoja, watu wasiowajua kabisa, iliwapokea, nao wakakaa huko hata Krismasi ikawakuta. Siku hiyo, katika nyumba iliyojaa watoto wa mwenye shamba, lozi ilikutwa katika bakuli la yule mtoto mgeni. "Nilidhani ni bahati," alisema bibi. "Nilipokuwa mtu mzima na kuanza kupakua uji mimi mwenyewe, ndipo nilipojua kwamba mpakuaji huona lozi iko wapi."

Akaongeza kwamba wale waliowapokea walikwisha kufa kabla hajapata uwezo wa kuwalipa. Kwa hiyo alikuwa akiwalipa wengine.

Ndugu wasomaji, mara nyingi tumezoea kudhani kwamba watu wa nchi tajiri hutoa kwa sababu wanacho. Historia haisemi hivyo. Norwei ya zamani ilikuwa nchi ya dhiki. Kati ya mwaka 1825 na 1925 watu wake wapatao 800,000 walihamia Amerika kutafuta maisha, wakalala katika nyumba za watu wengine. Aliyepata kuwa mgeni ndiye ajuaye mgeni anahitaji nini.

DENI

Nilirudi nyumbani mwaka 2010, nikaajiriwa Serikalini katika kazi ya misitu. Njia niliyopitia mimi sasa imefungwa. Mpango ule wa masomo ulikoma mwaka 2016, na tangu mwaka 2023 mwanafunzi atokaye nje ya Ulaya hulipa ada katika vyuo vikuu vya umma vya Norwei. Shirika la Norwei la kubadilishana vijana, lililoanza mwaka 1963 kwa kupeleka vijana wao kwetu na likaanza mwaka 2000 kuwapeleka na wa kwetu kwao, bado lipo, nalo tangu 2018 linaitwa Norec. Wadogo zetu wapenda safari walifuatilie.

Mwaka 2019, katika ofisi moja Dodoma, nilikutana ana kwa ana na yule mwenzetu wa Kigoma, naye ni mtumishi wa umma kama mimi. Tulipokwisha kucheka na kuulizana habari za watoto, nilimwomba radhi kwa Desemba ile. Alinyamaza kidogo. Alisema njaa haikumsumbua, kwani jikoni chakula kilikuwapo. Kilichomsumbua ni ukimya wa bweni. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Siku ya Krismasi, mke wa mlinzi wa shule alimfuata bwenini, akampeleka nyumbani kwake, chumba kimoja chenye watoto wanne, akampakulia kande ya karanga kabla ya watoto wake. "Mpaka leo," alisema, "nikipita Mbeya huenda kumwamkia mama yule."

Nilikuwa nimekwenda hadi Elverum kujifunza jambo ambalo mke wa mlinzi wetu alilijua pale pale chini ya mlima Loleza.

Kwa hiyo nina pendekezo moja kwa mkutano wetu. Sisi tuliosoma hapa tumetapakaa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa. Iandikwe orodha ya familia zetu zilizo tayari kumpokea mwanafunzi mmoja wakati wa likizo ya Desemba, kwa kibali cha mzazi wake na cha mkuu wa shule, ili asibaki mtoto hata mmoja katika bweni tupu kwa kukosa nauli. Jina la kwanza katika orodha hiyo na liwe langu. Nyumbani kwetu Mafinga kitanda kipo. Jembe nalo lipo, maana Desemba ni mwezi wa palizi, na mgeni wetu atalishika kama nilivyoshika koleo mimi.

Na ninyi wadogo zetu, mtakapofunga masanduku yenu mwaka huu, mtazameni kwanza yule anayewasaidia kuyabeba, mkamwulize anakwenda wapi.