Tiara na Ndege Nyuki

Mwaka 1979 nilikuwa na umri wa miaka tisa, na kazi yangu nyumbani kwetu Singida ilikuwa kuamia uwele. Nilikaa juu ya dungu tangu alfajiri, nikivurumisha mawe kwa kombeo kila kundi la kwelea lilipotua. Siku moja nilitengeneza tiara kwa karatasi ya mfuko wa saruji, nikaifunga kwenye nguzo ya dungu ili iwatishe ndege hao. Upepo wa Singida, ndugu msomaji, haubembelezwi. Tiara ilikaa angani mchana kutwa, hadi baba alipoiona akaukata uzi. Ilikuwa wakati wa Vita vya Kagera, na habari zilikuwa zimetufikia kwamba ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Idi Amin, imejaribu kuupiga mji wa Mwanza kwa mabomu. Kwa baba, kila kilichopaa bila mwenyewe kuonekana kilikuwa balaa.

Mwaka 2018 nikasikia tena habari za anga la Mwanza. Safari hii ilikuwa ndege nyuki isiyo na rubani, ikijaribiwa kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, kilometa 60 juu ya Ziwa Victoria, kwa muda wa dakika 40 hivi. Miaka miwili kabla ya hapo, vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa wameanza kupiga picha za ramani ya Unguja na Pemba kwa vindege vya povu gumu. Kumbe mambo haya yanafanywa na watoto wetu! Mwaka uliofuata niliuza magunia mawili ya alizeti, nikampigia simu mpwa wangu, fundi redio, tukaanza kuunda ya kwetu.

Chombo chenye mapangaboi manne si jambo jipya. Mfaransa Étienne Oehmichen alizunguka nacho kilometa moja mwaka 1924. Kilichokuwa kigumu ni kukisawazisha. Leo kazi hiyo hufanywa na kidude cha kupima mwinamo, cha aina ile iliyoshuka bei kwa sababu ya simu za mkononi. Mikono ya chombo chetu tuliikata kutoka kwenye alumini ya dirisha. Mota nne na betri tuliagiza. Mapangaboi mawili huzunguka kulia na mawili kushoto, vinginevyo chombo chenyewe hugeuka kama pia. Sisi tulibadilisha mawili bila kujua, na chombo kikapinduka kabla hakijaiacha ardhi. Mpwa wangu alicheka. Mimi nilihesabu magunia.

Baada ya kurekebisha, tulijifunza kukituliza kwenye kimo cha goti, kisha cha kichwa. Hapo tungebaki kwa mwezi mzima. Lakini asubuhi ya nne, kando ya Ziwa Singidani, nilikipandisha juu kuliko miti, na upepo ukakichukua. Nilisukuma vijiti vya rimoti huku na huku bila kujua tena mbele yake ni wapi. Kilianguka hatua tatu kutoka kwa mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi.

Lazima niseme ukweli: kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga hatukuwa nacho. Nilikuwa nimeziona kanuni hizo kuwa woga uleule wa baba, ila umepigwa mhuri.

Nilikimbia hadi miguu ikaniishia. Mtoto alikuwa amesimama, fimbo mkononi, akikitazama chombo.

"Shikamoo, babu," akasema. "Rubani wake yuko wapi?"

"Ni mimi."

Alinitazama kutoka viatu hadi kofia, kisha akaomba lile pangaboi lililovunjika. Nikampa. Mota zote nne zilikuwa nzima. Nilizifungua usiku uleule nikazitia ndani ya kopo la maziwa, na hazikutoka humo hadi tulipopata kibali.