Amandina Lihamba na Sanaa ya Kusema

Atokaye Dar es Salaam kwenda Morogoro huiona milima ya Uluguru kabla hajauona mji. Huko mlimani ardhi ilirithiwa kwa ukoo wa mama. Hata hivyo msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani muda mrefu, akifundwa na kuzoezwa kunyamaza. Mwenye shamba, basi, aliuanza utu uzima wake bila neno.

Katika mkoa huo alizaliwa Amandina Lihamba, mwaka 1944. Penina Muhando, baadaye Mlama, naye ni wa Berega, Kilosa. Wote wawili waliikuza sanaa ya maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na pamoja na Ndyanao Balisidya wakaandika Harakati za Ukombozi. Lihamba peke yake alitoa Hawala ya Fedha (1980), iliyochotwa katika kisa cha Sembene Ousmane wa Senegal. Jukwaani alikuwa mwigizaji. Katika filamu alionekana katika Arusi ya Mariamu (1985).

Lakini kazi yake nzito ilikuwa ya uongozaji, tena wa namna yake. Mwongozaji wa kawaida humwelekeza mwigizaji asimame wapi na aseme nini. Mwaka 1982 na 1983, Lihamba, Mlama na Eberhard Chambulikazi walikwenda Malya, Mkoa wa Mwanza, bila mchezo mkononi. Wanakijiji ndio waliotaja matatizo yao, mimba za wanafunzi zikiwamo, wakayatia katika ngoma na maigizo, kisha wakayajadili hadharani. Uongozaji wa aina hii hudai subira kuliko kipaji, na si kila msanii huiweza.

Mwaka 1996 Lihamba na Mlama waliupeleka mtindo huo katika shule za sekondari, wakauita Tuseme. Wasichana walitunga na kuigiza wenyewe yale yaliyowakwamisha masomoni, mbele ya walimu wao. Mlama alipokuwa Mkurugenzi Mtendaji wa FAWE, Tuseme ilivuka mipaka ya Tanzania.

Ajabu ni kwamba nafsi iliyomtangaza Profesa Lihamba nje ni ya mtu asiyesema. Katika Maangamizi (2001), filamu ya kwanza kupendekezwa na Tanzania kuwania Oscar, yeye ni Samehe, mgonjwa wa hospitali ya akili aliyefunga kinywa. Daktari kutoka Marekani anakaa mbele yake, anauliza, anangoja.