Sukari ya Mwilini na Mbio: Tulijifunza Wapi?

Leo tuna swali moja: mtoto mwenye kisukari anayedungwa insulini, acheze mpira kabla ya kula? Wako wazazi wanaomkataza mtoto kama huyo mchezo kabisa, kwa kuogopa atazirai uwanjani. Hofu hiyo ina sababu, lakini kinga yake imejulikana kwa karibu miaka mia moja.

Tuanze na mwaka wa 1922. Mwezi wa Januari, huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini, naye akapona mauti yaliyokuwa yakimkabili. Kabla ya hapo mtoto mwenye ugonjwa huu alikonda mpaka akafa. Lakini madaktari waliona upesi kwamba insulini ikizidi, mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho, huongea ovyo, hata kuzirai. Wakimpa maji ya machungwa au sukari, hupata nafuu kwa muda mfupi.

Miaka miwili baadaye, 1924, daktari Samuel Levine na wenzake walipima damu ya wakimbiaji waliomaliza marathoni ya Boston, Marekani. Hao walikuwa watu wazima wenye afya. Hata hivyo baadhi yao walifika wamepauka, hawana nguvu, wamechanganyikiwa, utadhani ni wagonjwa waliozidishiwa insulini. Sukari katika damu yao ilikuwa imeshuka sana. Mwaka wa 1925 madaktari wakarudi. Safari hii wakimbiaji waliambiwa wale vyakula vya wanga kwa wingi kabla ya siku ya mbio, na wale peremende njiani. Walimaliza wakiwa na hali njema zaidi, na sukari yao haikuporomoka. Peremende, mama! Kitu cha dukani cha shilingi chache.

Kwa nini sukari hushuka? Misuli inapofanya kazi huchukua sukari iliyo katika damu. Mtu asiye na kisukari akikimbia, mwili wake wenyewe hupunguza insulini, na ini hutoa akiba yake ya sukari. Ile ya sindano hairudishwi nyuma, ikishaingia, imeingia.

Utaniuliza, mbona wakimbiaji wetu wa Iten hutoka alfajiri bila kula? Ni kweli, wengi hufanya hivyo. Lakini usimpime mtoto wako kwao. Utafiti uliochapishwa 2004 kuhusu wakimbiaji wa Kenya ulionyesha kwamba kama robo tatu ya nguvu ya chakula chao ilitoka kwa wanga, ugali na sukari ya chai vikiwa mbele. Wao hulala na akiba, na miili yao hujisimamia insulini. Mtoto wako hana msimamizi huyo ndani. Msimamizi ni wewe, na yeye mwenyewe akishakua.

Kwa hivyo mpime kabla ya mchezo. Kipimo kikisoma chini ya 5, ale kwanza: ndizi, kipande cha mkate au kikombe cha uji. Kama hamna kipimo, asiende tumbo tupu. Mchezo ukizidi nusu saa, ale kidogo tena. Usimpunguzie sindano kwa kukisia; uliza kliniki.

Mfukoni awe na sukari au peremende, na mwalimu wake wa michezo ajue. Akianza kutetemeka, kutoka jasho au kukasirika bila sababu, aache kucheza. Mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, au nusu chupa ndogo ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, rudia. Akizirai, usimtie kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali.

Jambo moja husahaulika sana. Misuli huendelea kuvuta sukari saa nyingi baada ya mpira kwisha, hata usiku. Mtoto aliyekimbia jioni nzima mpime kabla hajalala, na umpe maziwa na mkate ikiwa kipimo kiko chini. Usiku huo amka mara moja, umguse kama ana jasho.