Mahame ya Ugogo

Lugha yetu ina neno maalumu la mahali ambapo watu walikaa kisha wakapahama: mahame. Katika nchi kavu ya Ugogo, mkoani Dodoma, mahame yapo mengi, na kila nipitapo huko najifunza kuyasoma.

Tembe haidumu. Kuta zake ni za miti na udongo, na paa lake bapa hufunikwa kwa udongo huo huo. Likikosa mtu wa kulikandika, mvua za miaka michache hulishusha, na mchwa humalizia. Lakini mahame hayafutiki. Hubaki jiwe la kusagia lililolika katikati, ua wa minyaa usio na wa kuupogoa, makaburi, na mahali palipokuwa zizi, ambapo samadi ya miaka mingi imeuacha udongo mweusi. Mkulima hahitaji kuelezwa kwamba hapo mtama hustawi.

Baadhi ya mahame hayo ni ya njaa. Njaa ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, ilikuja baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Mengine ni ya amri. Operesheni Dodoma ilifanyika mwaka 1971, na tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, nayo itimizwe kabla ya mwisho wa 1976.

Nia ilikuwa njema. Shule, zahanati na maji haviwezi kupelekwa kwa kaya moja moja, na watoto wengi walipata elimu kwa sababu ya vijiji. Hata hivyo, wale walioonekana wametawanyika ovyo walikuwa na sababu. Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, kwa msimu mmoja tu, na huweza kunyesha bonde hili ikaruka la pili. Kukaa mbalimbali kulikuwa ni kugawana hatari hiyo, na kuyapumzisha malisho. Tena ukihamisha watu, huwezi kuhamisha zizi wala makaburi yao.

Suala hili lilifika hata mahakamani. Sheria ya mwaka 1992 ilikusudia kufuta haki za kimila za ardhi zilizokuwapo kabla ya Operesheni Vijiji. Mwaka 1994, katika kesi iliyotoka Arusha, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya kimila ya ardhi ni mali, nayo inalindwa na Katiba.

Nayakumbusha haya kwa kuwa Dodoma, makao makuu yetu, inazidi kutanuka, na wapimaji wanaingia maporini na vigingi vyao. Mengi yanayoitwa mapori ni mahame. Kabla ya kupigilia kigingi, na waulizwe wazee: hapa paliitwaje, na nani wamezikwa hapa?