Mkopo wa Lori na Mchanga wa Mto: Ufahamu wa Benki Rafiki kwa Mazingira Ukitazamwa Kutoka Mitaboni

Mjadala kuhusu benki zinazojali mazingira humchukulia mteja kuwa ndiye wa kuelimishwa. Huulizwa kama anapokea taarifa za akaunti kwa simu na kama ameachana na karatasi. Akikubali, huhesabiwa kuwa na ufahamu. Nadai hapa kwamba kipimo hicho hakifai, na kwamba Mitaboni, katika eneo la Kathiani, Kaunti ya Machakos, pengo kubwa zaidi liko upande wa benki.

M-Pesa ilipozinduliwa 2007, na Benki Kuu ya Kenya ilipoidhinisha uwakala wa benki 2010, mkulima wa Mitaboni aliepuka foleni za mjini Machakos ili kuokoa nauli na siku ya kazi. Karatasi zilipungua bila yeye kulikusudia hilo. Ufahamu wake tuutafute kwingine.

Uko shambani. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliiona Machakos kuwa nchi inayoangamia kwa mmomonyoko. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba tangu wakati huo watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, ilhali mmomonyoko ulikuwa umepungua. Matuta ya fanya juu, ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mteremko, yalichimbwa na familia na vikundi vya kusaidiana kazi viitwavyo mwethya, hasa wanawake, na fedha nyingi za kazi hiyo zilitoka kwenye mauzo ya mazao, kahawa ikiwemo, na mishahara ya jamaa waliofanya kazi mjini. Kumwambia mjukuu wa wachimbaji hao kwamba udongo una thamani ni kumkosea heshima.

Benki je? Chama cha Mabenki Kenya kilitoa kanuni za fedha endelevu 2015, na Oktoba 2021 Benki Kuu ikatoa mwongozo kuhusu hatari za mabadiliko ya tabianchi. Ni hatua njema, ila mwongozo huo huzungumza kwanza na bodi na wakuu wa benki. Afisa wa mikopo hupimwa kwa mikopo aliyotoa na inavyolipwa. Wakala wa dukani, ambaye kwa wateja wengi ndiye benki yenyewe, hata hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi.

Tazama mkopo wa lori la mchanga. Mchanga wa mito ya msimu huhifadhi maji wakati wa kiangazi. Ukizolewa kupita kiasi, visima hukauka na kingo za mto huporomoka. Kaunti ya Machakos ilitunga sheria ya uvunaji wa mchanga 2014, lakini majengo ya Nairobi bado yanauhitaji. Afisa akikagua dhamana na rekodi ya mkopaji kwenye shirika la taarifa za mikopo (CRB) tu, bila kuuliza mchanga utatoka mto gani na kwa kibali kipi, mkopo utaonekana salama. Huenda jirani wa mteja huyo amekopa benki ileile apande mboga za kumwagilia. Kisima chake kikikauka, mkopo mmoja utakuwa umeua mwingine, na vitabu vya benki havitaonyesha sababu.

Zipo hoja kwamba maswali kama hayo yatawafungia vijana riziki. Hofu hiyo ni ya haki, ndiyo maana kuuliza kibali kuambatane na riba nafuu kwa matangi, matuta na mabwawa ya mchanga. Na mafunzo ya maafisa, pamoja na mawakala, yafanyike mashambani Mitaboni, vikundi vya mwethya vikiwa walimu wanaolipwa.